Mapumziko makavu ya kaktasi ni nini, na kwa nini watu wa Ulaya hawazimwagilii miezi mitano

Mapumziko makavu ni kile kipindi cha kuanzia mwisho wa Oktoba hivi mpaka Machi ambapo mtu wa Uingereza au Uholanzi mwenye kaktasi zake, ile mimea minene ya miiba ya jangwani, anaacha kuzipa maji kabisa, yaani hata tone, anaziona zinasinyaa na anaziacha hivyo hivyo. Mgeni akiona anadhani ni uzembe. Kumbe hapo ndo kazi yenyewe.

Wengi tunaamini kaktasi inakufa Ulaya sababu ya baridi. Sio kweli sana. Jangwa la Arizona usiku wa kipupwe linashuka chini ya nyuzi 0, na huko Kanada kuna mpungate mdogo, Opuntia fragilis, unaota wenyewe porini mpaka British Columbia na unafunikwa na theluji. Kinachoua ni baridi ikikutana na maji. Na wala sio wingi wa mvua, maana London inapata kama milimita 600 tu kwa mwaka, Dar inapata zaidi ya hapo, tofauti ni kwamba Dar mvua ikipita jua linatoka udongo unakauka, London mwezi wa Desemba mchana una kama masaa 8 tu, jua lenyewe liko chini na limefichwa na mawingu, kwa hiyo chungu ukikimwagilia Jumatatu wiki ijayo bado kimelowa.

Sasa mmea wa jangwani kwenye hali hiyo unafanyaje? Kaktasi hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku, ndo inavuta hewa ya kaboni na kuihifadhi, mchana inafunga ili isipoteze maji. Ni mfumo wa kubana matumizi. Kukiwa na giza na baridi inakuwa haikui kabisa, haivuti maji, na mizizi iliyokaa kwenye tope inakosa hewa, ukungu unaingia, inaoza kuanzia chini. Ubaya wake ni kwamba juu inabaki kijani, unakuja kuigusa Februari ndani imeshakuwa uji. Ikiwa kavu mambo ni mengine: utomvu unakuwa mzito, maji ya kuganda na kupasua seli yanakuwa machache, ndo maana kaktasi kavu inavumilia baridi ambayo iliyolowa haiwezi.

Wengi huziweka kwenye nyumba ya vioo yenye hita ndogo, nyuzi 5 mpaka 10 zinatosha kwa aina nyingi. Ukiziweka sebuleni kwenye joto halafu mwanga hamna zinarefuka, zinakuwa nyembamba na rangi imepauka, na hiyo shepu hairudi tena. Pia aina kama Rebutia zikikaa kavu na baridi vizuri ndo zinachanua kwa fujo, ile midogo inafunikwa na maua mekundu au ya chungwa mpaka mwili hauuoni, wakati ile iliyobembelezwa kwa maji na joto mwaka mzima inaweza isitoe hata ua moja. Kwangu hiyo pekee inatosha kuvumilia kuziona zimesinyaa.

Kupanda nje kabisa ni kamari. Kule Tresco, kisiwa karibu na Cornwall kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna bustani ilioanzishwa miaka ya 1830 na Augustus Smith, mishubiri na mimea ya Afrika Kusini inakaa nje kwa sababu bahari inapunguza baridi, lakini Januari 1987 theluji na baridi kali viliua sehemu kubwa sana.

Halafu usichukue sheria hii ukaipaka kwa kila mmea. Adenium, lile waridi la jangwani linaloota lenyewe sehemu kavu za Kenya na Tanzania, litakaa bila maji likipukutisha majani sawa, ila nyuzi 5 haliwezi, linataka zaidi ya 10 na ukiweza 15. Na Lithops, vile vimawe hai vya Namibia na Afrika Kusini, vyenyewe kipindi cha baridi vinatengeneza majani mapya kwa kunyonya maji ya yale ya zamani, ukimwagilia hapo unavuruga, unakuta jozi mbili za majani zimebanana. Subiri yale ya zamani yakauke yabaki ngozi tu, mara nyingi Aprili au Mei, ndo uanze na maji kidogo.