Sikio Linapomdanganya Rubani

Siku ukisafiri usiku, fumba macho ndege inapopaa ukisie inageukia upande gani. Huenda ukahisi umekaa wima kabisa, kumbe ukifumbua unaona taa za chini zimeinuka dirishani kama ukuta. Rubani naye ana sikio hilohilo. Mafunzo hayalibadilishi.

Ndani ya sikio mna vijimirija vitatu vyenye majimaji. Kichwa kikizunguka, majimaji huchelewa kidogo, na ubongo hutambua mzunguko kutokana na kuchelewa huko. Lakini ndege ikilala upande polepole, kwa kasi isiyofika nyuzi 2 hivi kwa sekunde, vijimirija havishtuki. Mchana macho huona upeo wa mbali na kusahihisha. Kwenye giza totoro, taa za uwanja zikishabaki nyuma, rubani amebakiwa na vipimo vyake, hasa kile kinachoonyesha mstari wa upeo na mlalo wa mabawa.

Tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya saa sita usiku, ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, iliruka kutoka Douala, Kameruni, kuelekea Nairobi. Ilikuwa Boeing 737-800 yenye umri wa miezi michache tu. Haikufika hata dakika mbili angani. Ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita zisizozidi sita kutoka uwanjani, na watu wote 114 wakafariki. Mabaki yalionekana baada ya karibu siku mbili.

Watu huuliza injini ipi ilizimika. Hakuna. Uchunguzi wa Kameruni ulieleza kuwa ndege ilikuwa ikivutika kidogo kulia tangu ipae. Rubani mkuu aliirekebisha kwa muda, kisha akatamka amri ya kuwasha otopailoti, mtambo unaoiongoza ndege wenyewe, na kuachia usukani. Otopailoti haikuwashwa. Rubani msaidizi hakujibu, na amri haikurudiwa. Kwa karibu dakika nzima ndege ilizidi kulala kulia bila mtu kuishika. Onyo la mlalo lilipolia, usukani ulizungushwa kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Mtu aliyeamini yuko sawa alikuwa ameshtuliwa ghafla, asijue juu ni wapi.

Kinachoniuma zaidi ni ule ukimya. Chumba cha marubani kina anayerusha na anayefuatilia, na amri isiyojibiwa inapaswa kuhesabiwa kuwa haijatekelezwa. Jibu la neno moja, pamoja na jicho kwenye kipimo, lingetosha kuonyesha kwamba otopailoti haijashika.

Ndege ikishalala sana na pua kushuka, mkono hutaka kuvuta usukani. Kuvuta mabawa yakiwa yamelala hukaza tu ule mzunguko wa kushuka. Kwanza legeza, nyoosha mabawa, ndipo uinue pua. Tangu 2014, viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinataka marubani wa ndege za abiria wafunzwe kuzuia na kujinasua katika hali hizo. Zoezi mojawapo ni la zamani: mwanafunzi hufumba macho, mwalimu huilaza ndege taratibu, kisha humwambia, “Fumbua, ni yako.” Hapo hutakiwa kutazama vipimo kabla hajagusa usukani.