Dhana Zinazomvunja Moyo Mwandishi Anayetangaza Kitabu Chake, na Ukweli Ulivyo

Kuandika kitabu kuna mwisho unaoonekana: sura huisha, mswada hukamilika, nakala ya kwanza hushikwa mkononi. Kukitangaza hakuna mwisho wa namna hiyo, na ndiyo maana waandishi wengi waliovumilia miaka ya kuandika huchoka ndani ya miezi michache ya kutafuta wasomaji. Uchovu huo huitwa uvivu, au hudhaniwa kuwa dalili kwamba mwandishi hakuumbwa kwa ajili ya biashara. Kwa maoni yangu, mara nyingi chanzo chake ni mambo aliyoyaamini kabla hajaanza, yanayomfanya apime juhudi zake kwa kipimo kisichomtendea haki.

Dhana: kitabu kizuri hakihitaji kutangazwa

Tumelelewa na methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo imetuingia kiasi kwamba mwandishi anayesimama kunadi kitabu chake huona haya, kana kwamba anakiri kuwa ni kibovu. Historia ya vitabu inaonyesha vingine. Mwaka 1846 ndugu watatu wa Uingereza, Charlotte, Emily na Anne Brontë, waligharimia wenyewe uchapishaji wa mashairi yao kwa majina ya kubuni, na katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala mbili tu. Hawakuyachukulia mauzo hayo kuwa hukumu juu ya uwezo wao, bali waliendelea kupeleka miswada ya riwaya kwa wachapishaji, na mwaka 1847 riwaya ya Charlotte, Jane Eyre, ilipata wasomaji wengi upesi. Charles Dickens naye, ingawa jina lake lilikuwa limekwisha kuwa kubwa, alianza mwaka 1858 kuzunguka akisomea umma kazi zake kwa kiingilio, na mwaka 1867 alivuka bahari hadi Marekani kwa shughuli hiyo hiyo.

Aibu hiyo hupungua pale mwandishi anapoacha kujisifu na kuanza kuzungumzia jambo lililomo kitabuni. Aliyeandika juu ya kulea mtoto mwenye usonji ana mengi ya kuwaambia wazazi hata kabla hajataja bei, na mzazi anayesaidiwa na maelezo hayo hahisi kwamba anauziwa kitu.

Dhana: mauzo ya kila siku ndiyo kipimo cha kazi

Hii ndiyo dhana inayoua ari kuliko zote, kwa hiyo inastahili kuangaliwa kwa undani. Kati ya tendo la kutangaza na mauzo kuna safari ndefu: msomaji husikia habari za kitabu leo, hukisahau, hukutana nacho tena baada ya wiki kadhaa, hukinunua, hukiweka kando, hukisoma baadaye, kisha ndipo humwambia rafiki yake. Taarifa za mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya mauzo anayolipwa mwandishi, kutoka kwa wachapishaji wengi huja mara moja au mbili kwa mwaka, na nakala zilizopelekwa madukani zinaweza kurudishwa zisiponunuliwa. Katika maduka ya mtandaoni takwimu huonekana mapema zaidi, lakini nafasi ya kitabu katika orodha ya mauzo hutegemea pia vitabu vingine vinavyouzwa vipi, hivyo kitabu kinaweza kushuka ilhali mauzo yake hayajapungua. Mwandishi anayefungua takwimu hizo kila asubuhi anaukabidhi moyo wake kwa jambo asilolimudu.

Saikolojia inatusaidia hapa. Mwaka 1971 Edward Deci alichapisha majaribio ambamo wanafunzi waliolipwa kutatua mafumbo walipunguza hamu ya kuyachezea kwa hiari malipo yalipoondolewa. Majaribio hayo hayakuwahusu waandishi, lakini mwandishi anaweza kupata onyo humo: fedha ikiwa ndiyo sababu pekee ya kuendelea, siku itakapokosekana hakuna kitakachobaki. Baadaye Deci na mwenzake Richard Ryan walieleza kwamba ari ya kudumu hustawi pale mtu anapojiona ana uamuzi juu ya kazi yake, anaimudu, na ana uhusiano na wengine. Kwa mwandishi, hayo matatu hupatikana katika mambo madogo yaliyo chini ya uwezo wake, kama vile barua alizozipeleka kwa klabu za wasomaji wiki hii, makala aliyoiandika juu ya mada ya kitabu, au msomaji aliyemjibu. Mauzo yaangaliwe mara moja kwa mwezi, kwa ajili ya kupanga hatua zinazofuata.

Dhana: subiri ari ndipo ufanye kazi

Mara nyingi ari hufuata kazi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, wakaona kwamba tendo lilichukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuvuruga mwenendo huo. Ninalipenda sana tokeo hili la mwisho, kwa sababu waandishi wengi huacha kabisa baada ya wiki moja mbaya, wakidhani wameharibu kila kitu. Nusu saa iliyopangiwa muda maalumu, na kazi yake kuamuliwa jana yake, hufanyika hata siku ambayo moyo ni mzito.

Dhana: ni lazima uwe katika kila mtandao wa kijamii

Si lazima. Mtandao mmoja au miwili ambayo wasomaji wako wapo inatosha, pamoja na orodha ya barua pepe za watu waliokubali kuandikiwa, kwa kuwa orodha hiyo ni yako hata mtandao ukibadilisha taratibu zake.

Dhana: kisipouzwa miezi ya mwanzo, kimekufa

Maduka yenye rafu chache huondoa vitabu haraka, na wachapishaji nao huhamishia nguvu zao kwa vitabu vipya. Hapo ndipo hofu hii ilipotokea. Hata hivyo, vitabu vya kielektroniki na vile vinavyochapwa kadiri vinavyoagizwa hubaki sokoni kwa miaka, na msomaji aliyevutiwa na kitabu cha pili hurudi kukitafuta cha kwanza. Kwa hiyo kazi ya kutangaza isimeze muda wote wa kuandika. Anayeweza kutenga asubuhi kwa ajili ya mswada mpya na kuacha matangazo yangoje mchana ana jambo la kumtia nguvu hata katika mwezi ambao hakuna nakala iliyonunuliwa.