Hela ya Mama Inafika, Mama Mwenyewe Je?

Watoto wanaonipigia kutoka Dar es Salaam huanza na hela. Kila mwezi tunatuma, wanasema, lakini mama anazidi kudhoofika na kila ndugu aliyeko Mtwara ana maelezo yake. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu siku hizi ni kuratibu matunzo ya wazee waliobaki majumbani huku Kusini. Marekani taaluma hii ina chama chake tangu 1985. Familia huko hulipa kwa saa, kutoka mfukoni, maana Medicare, bima ya serikali ya wazee, haigharamii. Huku kwetu ninaitwa tu dada wa wazee.

Siku ya kwanza kipimo cha presha nakiacha kwenye mkoba. Natoa shikamoo, nakaa, namuuliza mzee anataka nini. Watoto wanataka ahamie Mbagala. Yeye hataki kuacha mikorosho yake na kaburi la mumewe. Mpango unaanzia kwenye jibu lake.

Halafu naomba mfuko wa dawa. Hapo ndipo penye kazi. Utakuta amlodipini, dawa ya presha, ya Hospitali ya Ligula, na amlodipini nyingine ya duka la dawa yenye jina tofauti la kiwandani, zote anameza. Juu yake kuna diklofenaki, dawa ya maumivu ya magoti, ambayo hupandisha presha ileile inayotibiwa na kuumiza figo, hasa kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha. Mzee wa namna hii akiamka usiku kwenda choo cha uani, kizunguzungu kinamwangusha, na nyonga ikivunjika maisha ya nyumba nzima yanabadilika. Mfuko wote naupeleka kwa daktari, sipunguzi dawa kwa kichwa changu. Taa ya sola na fito ya kushikia njiani navidai siku hiyohiyo.

Akianza kuweweseka ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msiseme ni uzee, na kwa mganga msikimbilie. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, kukaukiwa maji: yote yanatibika, apelekwe leo. Usahaulifu unaokuja taratibu kwa miaka ni habari nyingine.

Mipango yangu inafuata mikorosho. Wakati wa kupuliza salfa, unga wa kukinga mikorosho na ukungu, mwenye pumu namhamishia kwa ndugu aishiye mbali na mashamba. Kuanzia Oktoba watu wako shambani wanaokota korosho, na bibi anaachiwa mjukuu wa darasa la pili ndiye amwangalie. Mwenye kisukari anayechoma insulini namkutanisha na daktari kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Kuhusu matibabu, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiyejiweza anastahili kutibiwa bure katika vituo vya serikali. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na ofisa ustawi wa jamii, tena mapema, kabla hajaugua.

Kigumu kuliko vyote ni kikao cha ndugu. Hela inatumwa ya dawa, ya unga, ya bati. Anayemwogesha mama hana fungu lake. Mimi nasisitiza apate posho na siku za kupumzika, na jina la atakayempokea zamu liandikwe. Kaka mkubwa akiuliza kwa nini dada alipwe kumtunza mama yake mwenyewe, namkaribisha aje ashike zamu wiki mbili za Novemba. Wengi huona heri waongeze hela.