AC kubwa haimalizi fukuto la Dar

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Injinia, sebule yangu ni mita nne kwa tano, niweke AC ya ngapi?" Mara nyingi anayeuliza ameshapewa jibu. Fundi amemwambia aweke ya BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) "isije ikamwangusha". Kwa Dar es Salaam, hasa miezi ya kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, ushauri huo unasikika wa busara: joto kali, mashine kali. Mimi huwa naupinga, na leo nataka kuupinga kwa hesabu, maana bila hesabu ubishi huu hauishi.

Tuanze na hewa yenyewe. Mchana wa Februari hapa mjini unaweza kukuta nje kuna nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 70. Kila kilo ya hewa hiyo imebeba gramu 20 za maji kwa umbo la mvuke. Ndani unataka nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 55, ambapo kilo moja ya hewa hubeba gramu 11 tu. Sasa wamekaa watu wanne sebuleni, na kila mmoja anahitaji hewa safi kutoka nje, tuseme lita 10 kwa sekunde. Kuishusha hewa hiyo kutoka nyuzi 31 hadi 25 kunahitaji wati kama 280. Kuyatoa maji yaliyozidi kunahitaji wati 1,000 hivi. Zaidi ya mara tatu! Kwa saa moja ni karibu lita moja na nusu ya maji, na ndiyo hayo yanayodondoka nje kwenye ule mpira uliopitishwa ukutani.

Fukuto la pwani, basi, ni suala la maji kwanza. Jasho lako linashindwa kukauka kwa sababu hewa imeshashiba. Na kwa kweli mashine hizi zilianzia kwenye unyevu. Mwaka 1902 Willis Carrier aliunda mfumo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn, Marekani, ambako karatasi zilikuwa zikivimba na kusinyaa kwa unyevu hadi rangi zinapishana. Aliyehitaji kukaushiwa hewa alikuwa karatasi, binadamu alifaidika baadaye.

Sasa tazama kinachotokea ukiweka mashine kubwa kupita kiasi. Ili AC ikaushe hewa, koili yake ya ndani lazima ikae baridi muda wa kutosha, mvuke ugeuke matone ya maji juu yake, yajikusanye, kisha yatiririke. Mashine kubwa haitoi muda huo. Inakimbiza nyuzi hadi ulizoziweka kwenye rimoti ndani ya dakika chache, kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupozea) inazima, lakini feni ya ndani inaendelea kupuliza juu ya koili iliyolowa. Maji yale yale yanarudi chumbani. Baada ya muda kompresa inawaka tena, na mchezo unaanza upya. Unabaki na chumba cha nyuzi 22 chenye unyevu wa asilimia 70, baridi lakini kibichi, kama shuka lililoanuliwa kabla halijakauka. Mwenye nyumba anahisi hajapoa, anashusha rimoti hadi 18. Hapo ndipo LUKU inapoanza kukimbia.

AC za inveta zimepunguza tatizo hili, kwa sababu kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima kabisa. Lakini kila inveta ina mwendo wa chini ambao haiwezi kwenda pungufu yake, na ukiinunua kubwa mno utaifikisha hapo kila usiku wa Juni na Julai.

Halafu kuna kuvu. Hewa ile ya nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 70 huanza kuacha umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 25 kwenda chini. Ukikiweka chumba kwenye 18 usiku kucha, ukuta wake wa upande wa korido nao unapoa. Hewa ya korido, ambayo ni ya nje, inaugusa na kuulowesha. Nimeitwa kwenye nyumba nyingi ambako wenyewe wanalaumu bomba linalovuja ndani ya ukuta, rangi inabambuka, nyuma ya kabati kumekuwa kweusi, kumbe bomba ni zima kabisa. Dawa yake ni kupandisha rimoti na kuziba mlango vizuri, na hiyo haihitaji fundi wa bomba.

Turudi sebuleni. Chumba cha mita nne kwa tano, paa la bati, dari ya jipsam isiyo na kitu juu yake, na dirisha la aluminiamu la mita tatu za mraba linalotazama magharibi. Saa kumi jioni, jua la magharibi linapitisha kwenye kioo cha kawaida wati kama 500 kwa kila mita ya mraba. Dirisha hilo moja ni wati 1,500. Darini, bati limechemka na hewa ya chini yake imefika nyuzi 45 hivi, kwa hiyo dari inashusha wati 1,200 nyingine. Watu wanne, wati 520. Hewa safi, kama tulivyohesabu, 1,280. Televisheni na taa 200, kuta 500. Jumla wati 5,200, yaani karibu BTU 17,700. Hata kwa nyumba iliyoachwa hivyo hivyo, 24,000 ni nyingi. Ya 18,000 inatosha.

Lakini kwa nini tuiache hivyo? Weka kivuli nje ya dirisha: kibaraza, luva, chandarua cha jua, hata mti. Nasisitiza nje, kwa sababu pazia la ndani linakamata jua likiwa limeshaingia, na kioo hakilirudishi joto hilo kirahisi. Kivuli kizuri cha nje kinaweza kuishusha 1,500 ile hadi 300. Juu ya dari tandaza sufi ya kioo au karatasi ya alumini chini ya bati, acha matundu ya upepo kwenye ukingo wa paa, na kama unapaka bati rangi chagua nyeupe. Zile 1,200 nazo zitabaki 300 hivi. Sasa jumla ni wati 3,100, au BTU 10,600. AC ya 12,000 inaibeba, na inaibeba ikifanya kazi kwa muda mrefu mfululizo, jambo ambalo ndilo hasa tunalolitaka ili ikaushe.

Wateja hawapendi kusikia habari za paa. Wamekuja kununua mashine.

Paa lina ubaya mwingine usioonekana kwenye kipimajoto. Mdenmark Povl Ole Fanger, aliyechapisha kazi yake kubwa mwaka 1970, alionyesha kwamba raha ya mwili inategemea mambo sita: joto la hewa, joto la vitu vinavyokuzunguka, mwendo wa hewa, unyevu, nguo ulizovaa na kazi unayofanya. Rimoti inagusa moja tu. Dari yenye nyuzi 37 inakumulika kichwani hata kama hewa ni 24, ndiyo maana mtu anakaa chini ya AC na bado anajipepea. Hesabu ya Fanger ina kipengele ninachokipenda: hata mambo yote sita yakikaa sawa, watu 5 kati ya 100 hawataridhika. Ofisini kwenu mnawajua.

Mwendo wa hewa ndio tunaoudharau kuliko yote. Pangaboi linalosukuma hewa kwa kasi ya mita 0.8 kwa sekunde linakufanya ujisikie kama joto limepungua nyuzi mbili hadi tatu. Linakula wati 60 hivi. AC ya 12,000 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula wati 1,000 na kitu. Kwa hiyo weka 26, washa pangaboi taratibu, utalala vizuri kuliko aliyeweka 21 bila feni. Siku hizi nyumba mpya zinajengwa bila hata ndoano ya pangaboi, eti limepitwa na wakati! Naomba wachoraji wa ramani mtuhurumie.

Nguo nazo. Kuna ofisi hapa mjini ambazo bosi amevaa suti kamili na AC iko 18, huku dada wa mapokezi amejifunika mtandio na sweta Januari. Mwaka 2005 serikali ya Japani ilianzisha kampeni ya Cool Biz: ofisi ziwekwe nyuzi 28 wakati wa kiangazi, tai na koti viachwe nyumbani. Sisi tuna vitenge na mashati ya mikono mifupi tangu zamani, na bado tunawavalia wageni sufi.

Watu wa pwani waliishi bila kompresa, hilo kweli, na watu hupenda kunitajia kuta nene za Mji Mkongwe. Sikatai uzuri wake, ila ukuta mnene unafanya kazi vizuri zaidi mahali ambapo usiku unapoa sana, kama Dodoma, ili ukuta utoe joto ulilokula mchana. Unguja usiku haushuki kiasi hicho. Kilichoziokoa nyumba zile ni kivuli cha vichochoro vyembamba, dari za juu na madirisha ya luva yanayoruhusu upepo kupita. Anayejenga leo na awaze hivyo hivyo: kusi inakuja toka kusini-mashariki, kaskazi toka kaskazini-mashariki, weka matundu yanayoipokea na mengine upande wa pili ya kuitolea. Chumba chenye upepo wa kupita kinaweza kukaa bila AC miezi ya kipupwe yote.

Tofauti hiyo ya Dodoma na Dar inahusu pia zile feni za kumiminia maji zinazouzwa kwa bei nafuu. Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ni kavu, maji yanakauka na kuondoka na joto, mashine inafanya kazi kweli. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa unaongeza maji kwenye hewa iliyokwisha kushiba. Ukifunga madirisha ndiyo umejichemsha.

Mwisho, gesi, kwa sababu nayo nimeulizwa sana wiki hizi. AC haili gesi kama gari linavyokula mafuta. Gesi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake imevuja. Fundi anayekuja kila mwaka "kuongezea" bila kutafuta tundu anakuuzia tatizo lile lile. Gesi yenyewe si ya kuachia hewani: kilo moja ya gesi ya AC iitwayo R410A inapasha dunia joto mara 2,088 zaidi ya kilo moja ya kaboni dioksidi, na ni gesi za namna hiyo ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza pale Kigali, Oktoba 2016. Ukinunua mpya, ulizia ya gesi ya R32, ambayo ni mara 675. Inashika moto kidogo, kwa hiyo fundi asiwe wa kubahatisha. Akimaliza kuunganisha mabomba, angalia kama ametoa pampu ya vakyumu na kuiacha ivute hewa yote iliyomo mabombani kabla ya kufungulia gesi. Kama hana pampu, anataka kusukuma hewa itoke kwa kuachia gesi kidogo, mwambie asubiri hadi aazime.