Virusi vinavyoua bakteria, na maziwa mabichi: maswali ninayoulizwa kliniki

Nimesikia huko nje jibini hunyunyiziwa virusi. Ni kweli?

Ni kweli. Huitwa bakteriofaji, kwa kifupi faji: virusi vinavyoshambulia bakteria tu, si binadamu. Faji hujibandika kwenye bakteria, huingiza vinasaba vyake ndani na kuzaliana humo mpaka bakteria apasuke. Mwaka 2006 Marekani iliruhusu faji iitwayo P100 itumike kwenye jibini dhidi ya Listeria, bakteria anayeendelea kuzaliana hata ndani ya friji.

Basi kama zipo faji, kuna haja gani ya kuchemsha maziwa?

Chemsha. Faji huchagua: inayoua Listeria haimgusi Brusela wala Salmonela, bakteria wengine wa maziwa mabichi. Tena ile ya kiwandani hutiwa kwa kipimo, na usafi mwingine wote hauachwi. Faji si kibali cha kunywa maziwa kutoka kwenye ndoo.

Lakini yakishaganda, ule ukali si unaua vijidudu?

Hapana. Hili nalijibu kila siku na nitaendelea kulijibu: hapana. Brusela anaweza kuishi siku kadhaa kwenye maziwa yaliyochachuka. Mgando uliotokana na maziwa mabichi bado ni maziwa mabichi.

Akina mama huniambia yaliyochemshwa hayagandi. Yanaganda. Acha yachemke mpaka yapande, yafunike, yakibaki vuguvugu tia vijiko viwili vya mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Moto umeua bakteria, hata wale wa kugandisha, ndiyo maana lazima uwarudishe. (Viwanda vya mtindi huziogopa faji kwa sababu hiyohiyo: zikiingia kwenye tangi huwaua bakteria wa kugandisha, maziwa yakabaki majimaji.)

Maziwa yaliyoshinda juani nikiyachemsha jioni yanafaa?

Yamwage. Kuna bakteria, Stafilokokasi, anayeacha sumu isiyoharibiwa na kuchemsha. Utatapika ndani ya saa chache.

Nina homa inakuja na kuondoka. Ninywe mseto kwanza?

Pima kwanza! Alikuja kijana mchunga ng'ombe, mfukoni ana pakiti tatu tupu za mseto, na malaria hajapimwa hata mara moja. Kila jioni homa, usiku jasho la kulowesha shuka, kiuno kimekaza hata kuinama hawezi. Wiki ya sita hiyo. Nilipomuuliza kuhusu maziwa akacheka: "Daktari, sisi tunakunywa papo hapo tukikamua." Ilikuwa Brusela. Dawa zake ni antibiotiki mbili kwa pamoja, kwa kawaida wiki 6. Ukiziacha wiki ya pili kwa sababu homa imeshuka, ugonjwa unarudi.

Homa ikipita siku mbili usikae nayo nyumbani. Usikae nayo.

Na mjamzito?

Asionje maziwa mabichi, wala jibini lake, wala mgando wake. Listeria hupita kwenye kondo la nyuma. Mama huenda akahisi mafua tu na uchovu, kumbe mtoto yuko hatarini, mimba inaweza kutoka au mtoto akafia tumboni. Mjamzito mwenye homa afike kituoni leo, si baada ya kusikilizia. Akifika, hata asipoulizwa, aseme: nilikunywa maziwa mabichi.