Seti ya chesi ya mpingo sio lazima iwe bora

Wengi huku Lindi na Mtwara wanaamini seti ya mpingo ndo kiboko ya zote kisa mbao yake ngumu na nzito, jamani hapana. Mpingo mzito kweli, hata majini unazama, ila kete ya mbao yoyote inaweza kutulia ubaoni ikiwekewa uzito wa chuma au madini ya risasi uliofichwa kwenye kitako. Halafu mpingo usiokauka vizuri unapasuka, na farasi akidondoka kwenye simenti masikio ndo yanaanza kukatika. Kwa kucheza kila siku chukua mbao ya kawaida iliyokauka, mfalme awe na kama sentimita 9.5 na kila chumba cha ubao kiwe na upana wa sentimita 5 mpaka 6, ndivyo FIDE, shirikisho la chesi la dunia, wanavyopendekeza, chenji inayobaki nunua saa ya chesi.