Odi zikicheza siku ya uchaguzi, uliza kwanza kura zipi zimeshahesabiwa

Uchaguzi mkubwa wa nje ukifika tu naanza kutumiwa skrinshoti, mtu amepiga picha bei ya Betfair au Polymarket, masoko ya kubeti ya mtandaoni, anaituma kwenye grupu na maneno "huyu kashashinda, angalieni odi", basi ubishi wa siasa unahamia hapo, wa upande ule wanashangilia na wa upande huu wanasema soko limenunuliwa. Mimi natredi masoko ya siasa ya Uingereza na Marekani, ndiyo kazi yangu, na hii tabia inaniuma kwa sababu ile namba ina maana kubwa sana ila watu wanaisoma vibaya. Siku yenyewe ya uchaguzi bei inakuonyesha pesa imekaa wapi kwa kutegemea taarifa zilizokwishafika, na taarifa zinafika kwa mpangilio ambao unaweza kuujua wiki nzima kabla.

Kwa aliyezoea mkeka wa mpira nieleze kidogo. Kwenye mkeka unabeti na kampuni, odi wamepanga wao. Kwenye soko kama Betfair kampuni inakukutanisha na mtu mwenzako anayeamini kinyume chako halafu inakata kamisheni kwa anayepata, kwa hiyo mgombea unaweza kumnunua na pia unaweza kumuuza, yani unapokea dau la mtu anayesema atashinda. Ukimnunua kwa pauni 100 odi ikiwa 3.0, usiku bei ikashuka hadi 1.5 ukamuuza kwa pauni 200, umemaliza: akishinda unapata 200 huku unalipa 100, akishindwa unapoteza 100 yako ila unabaki na 200 ya yule uliyemuuzia, kote kote una 100 kabla ya kamisheni. Na ukitaka kujua odi ni asilimia ngapi gawanya 1 kwa odi, 1.25 ni asilimia 80. Sasa ona kinachotokea hapo: treda anaweza kumnunua mtu ambaye haamini kabisa kama atashinda, anachoamini ni kwamba itafika saa fulani usiku bei yake itakuwa nzuri. Pesa yake ipo ndani ya ile asilimia unayoiona kwenye skrinshoti.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kura ya Brexit, Uingereza ibaki au itoke Umoja wa Ulaya, tarehe 23 Juni 2016. Vituo Uingereza vinafunguliwa saa 1 asubuhi vinafungwa saa 4 usiku, na muda wote huo sheria inakataza kutangaza matokeo ya kuwahoji watu waliokwishapiga kura, hata redio na TV zinaacha kujadili hoja za kampeni. Kwa hiyo mchana kutwa hakuna kitu kipya kinachojulikana hadharani, lakini bei haikukaa kimya, watu walinunua na kuuza kwa habari za mvua iliyonyesha London, foleni za vituoni, na tetesi kwamba fulani ana utafiti wa siri wa wapiga kura (hili la mwisho halikuwa uzushi mtupu, mwaka 2018 Bloomberg waliandika kwa kirefu jinsi mifuko ya uwekezaji ilivyonunua tafiti za binafsi za wapiga kura siku ile). Vituo vilipofungwa YouGov, kampuni ya utafiti wa wapiga kura, wakatoa utafiti wao wa siku hiyo, kubaki 52, kutoka 48, Nigel Farage mwenyewe, mpigania kutoka mkubwa, akasema inaonekana wa kubaki watapita kidogo, na soko likaipa kubaki karibu asilimia 90.

Na kuna kitu kampuni za kubeti zilikuwa zimeshakisema, kwamba ukihesabu idadi ya mikeka wengi walibeti kutoka, ukihesabu pesa nyingi ilikuwa kwenye kubaki. Soko halihesabu vichwa. Mmoja mwenye pauni 10,000 anasukuma bei sawa na watu elfu moja wenye pauni 10 kila mmoja, na kwenye sanduku la kura yule mmoja ana kura moja tu. Ukielewa hapo hutambishia mtu tena kwa kutumia odi kana kwamba ni utafiti wa wananchi.

Basi usiku ule kulikuwa na maeneo 382 ya kuhesabia, na wasomi kama Chris Hanretty walikuwa wameshatoa makadirio ya kila eneo, yani kama nchi nzima imegawanyika nusu kwa nusu hapa tutegemee nini na pale nini. Hiyo karatasi ndiyo ilikuwa mali. Newcastle ikatoka, kubaki wameshinda kwa asilimia 50.7, ukisikia juu juu unasema sawa wameshinda, ila mwenye karatasi anajua pale walitakiwa kushinda kwa nafasi kubwa zaidi. Halafu kama saa 6 na dakika 20 usiku ikaja Sunderland, kutoka asilimia 61.3. Sunderland kila mtu alijua watachagua kutoka, kwa hiyo ushindi haukuwa habari, habari ilikuwa tofauti ya pointi zaidi ya 22. Pauni ikaanza kuporomoka pale pale, kutoka kama dola 1.50 hadi asubuhi imefika kiwango ambacho hakijaonekana tangu 1985. BBC walitangaza kwamba kutoka wameshinda kama saa 10 na dakika 40 alfajiri. Tom Auld na Oliver Linton wa Cambridge baadaye walilinganisha soko la Betfair na soko la pauni usiku ule wakakuta yote mawili yalichelewa kuyameza matokeo, ila soko la sarafu lilichelewa zaidi kuliko la kubeti. Yani taarifa ilikuwa wazi kwa kila mtu, kwenye TV, na bado kwa saa kadhaa bei ilikuwa nyuma yake.

Marekani 2020 ni kitu kile kile kwa sura nyingine. Florida sheria inaruhusu kura za posta ziandaliwe kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo matokeo yao hutoka haraka. Kaunti ya Miami-Dade huko huko Florida, ambako Clinton 2016 alimpita Trump kwa pointi kama 29, Biden akampita kwa 7 tu, soko likashtuka na Trump akawa ndiye anayepewa nafasi kubwa kwa saa kadhaa. Lakini Wisconsin na Pennsylvania sheria ilikataza kugusa kura za posta kabla ya saa 1 asubuhi ya siku ya uchaguzi, na mwaka ule wa korona waliopiga kwa posta wengi walikuwa wa Democratic, kwa hiyo zilizohesabiwa mwanzo zilikuwa za upande wa Trump kwa kiasi kikubwa. Usiku wa manane jiji la Milwaukee huko Wisconsin wakatoa kura zao za posta kwa mkupuo, Biden akapita, na Wisconsin aliichukua kwa kura 20,682. Waliomuuza Biden usiku ule nafasi yake ikiwa imeshuka hawakukosa akili ya siasa, walikosa kusoma sheria za kuhesabu za majimbo mawili matatu.

Sisi huku hatuhitaji hata soko kulielewa hili. Kenya 2022 IEBC, tume ya uchaguzi, waliweka fomu za 34A, zile za matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti, vituo zaidi ya 46,000, kila chombo cha habari kikajumlisha chenyewe, na ukabadili chaneli unakuta huku Raila anaongoza kule Ruto anaongoza, saa ile ile. Fomu zilikuwa zile zile, kila mmoja alianza na za kwake. Ule wasiwasi uliowashika watu zile siku ulitokana na mpangilio, na naamini kabisa vyombo vingesema tu "tumeshajumlisha kaunti hizi, bado hizi" watu wangelala.

2024 ubishi ukahamia Polymarket, Mfaransa mmoja aliyejiita Théo aliweka zaidi ya dola milioni 30 kwa Trump kupitia akaunti kadhaa, wengi wakasema anapindisha bei kusaidia kampeni. Yeye aliliambia Wall Street Journal kwamba aliagiza utafiti wake mwenyewe, wa kuwauliza watu majirani zao watampigia nani. Akashinda. Kushinda kwake hakufanyi kila tajiri mwenye dau kubwa awe anajua kitu, na kama angeshindwa isingethibitisha kwamba alikuwa anapindisha. Kwa nje huwezi kutofautisha, mimi nikiona bei imeruka mchana wa uchaguzi bila habari yoyote siifuati.

La mwisho, soma soko linalipa kwa tukio gani. Vyombo vya habari vilimtangaza Biden Jumamosi tarehe 7 Novemba 2020, ila Betfair walilipa baada ya wajumbe wa majimbo, wale ambao kisheria ndio wanaomchagua rais, kupiga kura zao tarehe 14 Desemba, na wiki zote zile kesi zinaendelea watu walikuwa bado wanamnunua Trump, na ukimnunua Biden ulikuwa bado unapewa faida juu ya dau lako. Watu wakanitumia skrinshoti tena, "mbona soko bado liko wazi, ina maana kuna kitu". Lilikuwa wazi kwa sababu kanuni zake zilisubiri wajumbe.